Gitaa kavu, kurasa tatu na milioni mbili

Mwezi wa tano, masika ikielekea ukingoni na hoteli zimebaki na wageni wa kuhesabu kwa vidole, kaka mmoja niliyewahi kupiga naye kwenye bendi ya vijana kanisani alinipigia simu. Bado ananiita Besi, ingawa gitaa la besi niliacha kulishika siku nyingi na sasa ninaandika vitabu vya hesabu vya maduka na gereji hapa Arusha. "Besi, kuna karatasi hapa. Ipitie kabla sijasaini. Wananipa milioni mbili." Za nini, nikamuuliza. "Za kunirekodi."

Kesho yake tukaonana Kilombero ya hapahapa mjini, kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko. Karatasi zilikuwa tatu, za Kiingereza, zimebanwa kwa pini na kulowa pembeni kwa mvua ya njiani. Nilizisoma mara mbili, nikaagiza chai nyingine, nikazisoma tena.

Jina lake naliacha, na la hoteli pia. Kisa nakieleza kwa ruhusa yake, kwa sababu wapiga vyombo wa hotelini ni wengi kuanzia Moshi mpaka Karatu, na karatasi ya namna ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu na chombo chake

Anapiga gitaa kavu la nyuzi za nailoni. Amelipiga kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli ileile, upande wa Usa River, kwa miaka 14. Anaanza saa moja na nusu jioni wageni wakiwa wamesharudi kutoka mbugani na kuoga, anamaliza saa nne. Haimbi. Hana mpiga ngoma wala mpiga kinanda. Kidole gumba kinatembeza besi kwenye nyuzi tatu nene, vidole viwili vinajaza katikati, na cha pete kinachukua sauti ya wimbo kwenye nyuzi mbili za juu. Ukikaa umempa mgongo utadhani wako wawili.

Kinachomtofautisha ni kodi zake, zile sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Wengi wetu tulijifunza kodi tatu za kwaya tukaridhika. Yeye anaongeza sauti ya saba, mara nyingine ya tisa, kodi inabaki inaning'inia kama mgeni aliyesimama mlangoni hajaamua kuingia. Kisha anateremka kwa ile njia ya jazi, kodi ya pili kwenda ya tano kwenda ya kwanza, na mgeni anaingia, anaketi. (Nazungumzia kodi za gitaa. Zile za TRA tutazifikia.)

Gitaa lake la kwanza alilinunua kwa mzungu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Nyuzi zilipokatika akaenda dukani, akapewa zilizokuwepo, za chuma. Nyuzi za chuma zinavuta karibu mara mbili ya za nailoni, na gitaa la nailoni halikujengwa kubeba mzigo huo. Wiki haikuisha, daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, liling'oka na kipande cha uso wa gitaa. Seremala mmoja wa Sakina aliligundisha kwa gundi ya milango, likalia kwa miaka sita zaidi na kidonda chake. Tangu hapo nyuzi huwa anaagiza kwa watu wanaosafiri. Zile tatu nene ni nyuzinyuzi za nailoni zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, na jasho la mkono halizionei huruma: baada ya mwezi mmoja wa kupiga usiku mara nne kwa wiki, zinalia kama bati. Kumbuka hilo tukifika kwenye hesabu.

Ukisema hapa kwetu kwamba unapiga jazi, lazima ueleze ipi. Baba yake alikuwa mpiga ridhimu, na kwake jazi ni Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: bendi za dansi, magitaa na matarumbeta, neno "jazz" limekaa kwenye jina kama kofia. Kijana alipomwambia anataka kupiga jazi peke yake, amekaa kwenye kiti, bila mwimbaji, mzee alimuuliza wenzake wamefariki lini.

Jazi anayoifuata ni ya upande mwingine. Ni ya João Gilberto wa Brazili, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alishusha gitaa na sauti mpaka vikawa mnong'ono. Ni ya Earl Klugh wa Detroit, ambaye kaseti yake ndiyo iliyomharibia usingizi akiwa kidato cha pili. Lakini mimi nikimsikiliza kidole gumba, nasikia mtu wa karibu zaidi: Jean Bosco Mwenda wa Katanga, kule Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akiimba Kiswahili huku gitaa moja kavu likitoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Nilishamwambia. Anacheka, anasema Mwenda hakuwa na kodi za tisa. Ni kweli, hakuwa nazo, na wala hakuzihitaji.

Karatasi ilivyosema

Hoteli ilikuwa imepata meneja mpya mwezi wa kwanza. Kijana makini, mwenye adabu, aliyekuja na jedwali la matumizi na kalamu nyekundu. Akaona kuna mtu analipwa 70,000 kila usiku anaopiga, msimu baada ya msimu.

Karatasi yake ilisema hivi. Mpigaji atarekodiwa nyimbo 20 kwa siku mbili, hotelini. Atalipwa shilingi 2,000,000 mara moja. Haki zote za nyimbo na za rekodi zitakuwa za hoteli, milele, duniani kote, kwa matumizi yoyote pamoja na matangazo. Hoteli haitalazimika kutaja jina lake. Na mpigaji anathibitisha kwamba nyimbo zote ni mali yake, na mtu mwingine akija kudai, gharama ni juu ya mpigaji.

Kuhusu kuendelea kupiga jioni, hakukuwa na hata sentensi moja.

Kaka yangu alikuwa amesoma namba tu, na simlaumu, kwa sababu namba ndiyo pekee iliyokuwa imekolezwa wino. Mwezi wa tano hoteli inampa usiku mmoja kwa wiki, wakati mwingine hata huo hakuna. Ada ya mtoto inasubiri. Milioni mbili zikiwekwa mezani mwezi wa tano zinaonekana kubwa kuliko mwezi wa nane.

Kilichokuwa ndani ya nyimbo 20

Nilimwomba aniandikie orodha. Akaja Jumapili na daftari la mtoto, na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonishtua kuliko karatasi ya meneja. Nyimbo zake mwenyewe hazikuwa na majina. Orodha ilisema: "Ile ya D. Ya mvua. Ya polepole. Ya polepole nyingine." Ametunga muziki kwa miaka 14, ameupiga mbele ya maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kuuomba tena, kwa kuwa hakuna neno la kuuombea.

Tukazigawa. Zake mwenyewe, kutoka kichwani mwake: 11. Nyimbo za kigeni ambazo wageni wanazijua: 4. Za dansi na za Katanga alizozipanga upya kwa mkono wake: 4. Na moja ya mwisho ni wimbo ambao bibi yake wa Machame alikuwa akiwabembelezea watoto.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inampa mtunzi haki tangu kazi inapokuwepo, bila kungoja usajili, na haki hizo zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Fanya hesabu. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, kwa hiyo tungo zake zina wenyewe hadi 2029. Mwenda alifariki 1990, zake zinafika 2040. Mpangilio ambao kaka yangu ameuweka juu ya nyimbo hizo ni jasho lake, lakini wimbo ulio chini ya mpangilio si wake kuuza. Zile nne za kigeni hadithi ni hiyohiyo. Wimbo wa bibi hauna mtunzi anayejulikana. Sauti yake ni ya jamii nzima, na sheria ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi. Mpangilio tu ndio wake.

Kwa hiyo kati ya 20, alizoweza kusimama nazo wima ni 11, na ya kumi na mbili kwa tahadhari. Sasa rudi kwenye ile ibara ya uthibitisho. Angesaini, angekuwa ameuza nyimbo 8 ambazo si zake, na amejifunga kulipa gharama wenyewe wakitokea. Hoteli ikiweka wimbo mmoja wa kigeni kwenye tangazo lake, na kampuni ya Ulaya ikaandika barua, barua ile ingeishia Sakina, kwenye nyumba ya vyumba viwili anayoishi kaka yangu.

Sidhani meneja alikusudia hilo. Karatasi ilikuwa na harufu ya kunakiliwa mahali fulani na kubadilishwa majina. Lakini karatasi iliyonakiliwa inafunga sawasawa na iliyotungwa.

Jambo jingine ambalo watu wa hoteli hawalipendi kusikia: hata ukimiliki rekodi, ukumbi wa biashara unaopiga muziki kwa wageni unatakiwa uwe na kibali cha hakimiliki. Spika si bure kama inavyoonekana kwenye jedwali.

Hesabu niliyomfanyia nyuma ya kikaratasi cha bili

Msimu mkubwa ni mwezi wa sita hadi wa kumi, kisha Desemba hadi Februari. Tuseme wiki 35, usiku mara nne kwa wiki: 140. Miezi iliyobaki, wiki 17, usiku mmoja kwa wiki. Jumla usiku 157 kwa mwaka. Mara 70,000, inakuja 10,990,000.

Toa kodi ya zuio, asilimia 5 ambayo hoteli hukata kwa ajili ya TRA: 549,500. Hapa nilimuuliza vyeti vya zuio viko wapi. Akanitazama kama nimemuuliza vyeti vya ndoa ya babu yake. Miaka 14 amekatwa, na cheti hajawahi kuomba wala kupewa.

Toa nyuzi, seti moja kwa mwezi kwa 35,000: 420,000. Toa usafiri. Kwenda anapanda daladala, lakini saa nne na nusu usiku kutoka Usa River mpaka Sakina na gitaa mgongoni ni bodaboda, na kwa siku nzima nauli inafika 12,000: 1,884,000 kwa mwaka.

Kinachobaki ni 8,136,500, yaani kama 678,000 kwa mwezi, ukiacha bakshishi ya wageni, ambayo hupanda na kushuka. Kwa hesabu hiyo milioni mbili ni chini ya mapato ya miezi mitatu. Na zilikuwa zinanunua milele.

Meneja alikuwa ananunua nini

Hapa ndipo tulipogombana kidogo.

Mimi nilimwambia hoteli hainunui muziki wake, inanunua nafasi ya kutomuhitaji. Kwa miaka yote hiyo ameuza jioni. Kila jioni aliyouza ililiwa usiku uleule pamoja na supu, na asubuhi hakubaki na kitu isipokuwa 70,000 na vidole vinavyouma. Hajawahi kuuza wimbo. Sasa mtu wa kwanza kutaka kununua nyimbo zake anazitaka zote, kwa bei ya jioni 28 na nusu.

Nikamtolea mfano wa mtu wake mwenyewe. Earl Klugh, amezaliwa Detroit 1953, gitaa la nailoni kama lake, akiwa kijana alikuwa anafundisha gitaa kwenye duka la vyombo vya muziki. Hapo ndipo mpiga saksafoni Yusef Lateef alipompata. Akapita kwenye kundi la mpiga gitaa George Benson. Albamu yenye jina lake mwenyewe ilitoka 1976 kwa Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi, na ile aliyofanya na mpiga kinanda Bob James mwaka 1979 ikapata Grammy. Naye pia alifika hotelini: kwa miaka mingi aliandaa wikiendi ya jazi kwenye hoteli ya Broadmoor kule Colorado Springs. Lakini watu walikata tiketi na kufunga safari kwenda kumsikiliza. Chakula ndicho kilikuwa cha pembeni. Rekodi zilitangulia, hoteli ikafuata.

Kaka akaweka kikombe chini. "Detroit si Sakina, Besi. Nionyeshe hiyo Blue Note ya Arusha, niende kesho."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Studio zetu nyingi zinajua kutengeneza midundo na kuweka sauti ya mwimbaji juu yake. Mtu akiingia na gitaa peke yake, fundi anauliza bongofleva itaanzia wapi. Redio haina saa ya muziki usio na maneno, labda kama mandhari ya matangazo ya vifo. Anayepiga muziki wa namna hii hapa kaskazini ana mnunuzi mmoja wa uhakika, naye ni utalii, na utalii unanunua utulivu wa ukumbini. Siwezi kumwambia mtu aache mnunuzi pekee aliyenaye kwa sababu ya kanuni. Niliweza kumwambia tu asiuze mbegu pamoja na mavuno.

Majadiliano, na kosa langu

Tukaandika ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Tuliomba mambo haya: nyimbo ziwe zake 11 na wa bibi, basi. Hoteli ipewe ruhusa ya kuzitumia kwa miaka miwili, ndani ya hoteli tu, mapokezi na ukumbini, na matangazo yawe na makubaliano yake. Rekodi iwe mali ya mpigaji, nakala kamili apewe. Jina lake na majina ya nyimbo yawekwe kwenye kadi mezani. Na usiku wake usipungue mara tatu kwa wiki katika msimu.

Kwa upande wetu, kabla ya kwenda, tulizipa nyimbo majina, kazi iliyochukua jioni nzima na kutuletea ugomvi kuliko mkataba, na tungo zile 11 tukazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili hauumbi haki, lakini siku mkibishana nani alitunga nini, karatasi yenye tarehe inasaidia kuliko kiapo.

Meneja alitupokea vizuri, chai na maandazi. Alimwita "mzee wangu" muda wote. Jambo la nyimbo 12 alilikubali upesi, nadhani ile habari ya wimbo wa kigeni kwenye tangazo ilimgutusha. Miaka miwili akakubali. Ndani ya hoteli tu, akakubali. Kadi mezani aliipenda kweli, akasema wageni watafurahi. Bei akaishusha hadi 1,600,000 kwa kuwa nyimbo zimepungua. Tukakubali.

Kwenye usiku tatu akatabasamu. "Mzee wangu, mambo ya usiku hatuyaandiki. Wewe ni wa hapa nyumbani, sisi ndio tumekukuta."

Nikaliacha lipite. Nilikuwa nimeshashinda mambo matano na nimeshiba maandazi. Kaka alinitazama, mimi nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba tusiharibu. Hilo ndilo kosa la kisa hiki, na ni langu mimi mwenye hesabu, si lake mwenye gitaa. Nilijua wazi kwamba rekodi ile ilikuwa inanunuliwa ili ikae mahali pake. Nililinda nyimbo kwa ibara tano, na jioni nikaziacha kwenye tabasamu.

Kurekodi kulifanyika asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, vipaza sauti viwili na kijana mmoja wa kompyuta kutoka mjini. Ilibidi wazime friji la vinywaji kwa sababu lilikuwa linavuma kwenye sauti ileile ya uzi wa tano. Kisha wakaja hondohondo kwenye miti ya bustani. Anayewajua hondohondo wa Usa River anajua hawanong'oni. Wimbo wa saba, ambao sasa unaitwa "Njia ya Rau", ulirudiwa mara nne na kila mara ndege mmoja alilia karibu na mwisho, pale pale gitaa linapotulia. Mara ya nne wakachoka, wakauacha na ndege wake.

Mwezi wa sita ulipoingia, wageni wakajaa. Ratiba ikabandikwa jikoni: gitaa Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine, spika.

Nilirudia hesabu, safari hii bila chai. Usiku mara mbili kwa wiki zimeondoka, wiki 35, ni usiku 70. Shilingi 4,900,000 kwa mwaka. Toa bodaboda asizopanda, 840,000, na zuio, 245,000: pengo ni 3,815,000. Kwa miaka miwili ya mkataba, 7,630,000. Alilipwa 1,600,000.

Unaweza kusema meneja angepunguza tu, rekodi iwepo isiwepo, kwa kuwa kalamu nyekundu alikuja nayo. Kaka mwenyewe anasema hivyo, nadhani kunifariji. Mimi naona hoteli isingekaa kimya ukumbini msimu mzima, na kupata mpigaji mwingine wa aina yake si rahisi. Rekodi ndiyo iliyowapa ujasiri.

Jumapili za Moshi

Upande wa pili wa daftari una mambo pia. Rekodi ni yake. Aliiweka mtandaoni kwa kupitia wakala. Mapato ya miezi sita ya kwanza hayakununua hata seti moja ya nyuzi, kwa hiyo tusidanganyane. Kazi yake kubwa imekuwa nyingine. Sasa akitafuta mahali pa kupiga, anatuma kiungo badala ya maelezo. Kabla ya hapo alikuwa anawaambia watu, "mimi napiga gitaa taratibu hivi, muziki wa chakula," na watu wanasikia muziki wa chakula.

Mama mmoja mwenye bustani ya vinywaji Moshi, upande wa Shanty Town, alisikiliza kiungo kile akamwita. Jumapili alasiri, kiingilio 10,000, kiingilio chote chake, vinywaji vya mama. Ni kama kilomita 80 kutoka Arusha, basi dogo la asubuhi linatosha. Nilimsindikiza mara ya kwanza. Walikuja watu 23: walimu, daktari mmoja mstaafu, vijana wa kwaya waliokuja kutazama vidole, na jozi mbili za wachumba ambao hawakutazama chochote. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imefunguka yote, na hakuna aliyekuwa anaitazama.

Viti vilikuwa vimepangwa kumwelekea. Hilo hatukulifikiria. Alipiga wimbo wa kwanza, akakosea kodi ambayo nimemsikia akiipiga akiwa nusu usingizini. Watu wakapiga makofi. Akasogea pembeni kana kwamba anatafuta nyuzi mkobani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Besi, wananiangalia."

"Ndiyo walivyolipia, kaka."

"Hakuna anayekula."

Alikaa kimya kidogo, kisha akarudi kitini na kufanya jambo ambalo hotelini hakuna aliyewahi kumwomba: akasema jina la wimbo na kwa nini unaitwa hivyo. Ule wa bibi aliueleza kwa dakika tano, mpaka mwalimu mmoja wa makamo akaanza kuuimba kwa Kimachame kabla gitaa halijaanza, na ikabidi gitaa limfuate yeye. Kodi za tisa ziliwekwa kando siku hiyo. Nilisikia kidole gumba cha Mwenda waziwazi, na yeye alinisikia nikisikia, akageuza uso.

Anapiga Moshi Jumapili mbili kwa mwezi sasa. 230,000 ya siku ya kwanza haijarudi kila mara. Mvua ikinyesha wanakuja 9. Ukijumlisha, pengo la hotelini bado halijazibwa, limefika karibu nusu. Mkataba una miezi minane imebaki, na meneja ameshauliza kuhusu kuurefusha. Safari hii ukurasa wetu unaanza na usiku, nyimbo zinafuata, na vyeti vya zuio vya nyuma vimeombwa kwa barua.

Jumatano iliyopita alinipigia akiwa njiani kurudi, upepo wa bodaboda unakata maneno. Mgeni mmoja alikuwa amefika Jumatatu, akasikiliza spika usiku mbili, akasoma kadi ya mezani. Jumatano alipomkuta mtu mwenyewe amekaa na gitaa, akamtuma mhudumu kuomba "Njia ya Rau". Kwa jina kabisa. Kaka akaupiga wote, hadi ile sehemu ya mwisho inayotulia. Mgeni akangoja. Akangoja tena. Kisha akamwita mhudumu, na mhudumu akaja na swali limeandikwa kwenye leso ya karatasi: ndege yuko wapi?